Muuguzi aliyeniuliza jana nilikula nini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona kwa zaidi ya miaka 30, na mwaka jana nilitibiwa saratani ya utumbo mpana. Nilipasuliwa kwanza, kisha nikaandikiwa mizunguko 8 ya kemotherapi, yaani dawa za saratani za dripu na vidonge, kila baada ya siku 21. Nimeimaliza yote, namshukuru Mungu. Gazeti lako likiandika habari za saratani huandika juu ya kupima mapema, mashine na uhaba wa dawa, na hayo yote ni mazito, siyapunguzi. Mimi nataka kuandika juu ya sahani ya mgonjwa, na juu ya mtu anayepaswa kuitazama.

Nilijua kwamba napungua kabla hospitali haijajua, kwa sababu suruali ninazovaa nazishona mwenyewe. Nilipoanza dripu kiuno changu kilikuwa inchi 36. Baada ya mzunguko wa kwanza nilifumua mshono wa nyuma nikabana inchi moja. Baada ya wa pili nikafumua tena. Baada ya wa tatu, mifuko miwili ya nyuma ikawa imekaribiana mno, na fundi yeyote atakwambia kwamba suruali ikifika hapo haibaniki tena, inataka kukatwa upya. Mke wangu aliniona nimekaa na futi shingoni, suruali mapajani, nimenyamaza. Hakusema neno. Alikwenda kuniletea supu ambayo sote wawili tulijua sitaimaliza.

Katika mizunguko ile mitatu hakuna aliyeniuliza habari za chakula kwa namna iliyonifanya nijibu ukweli. Nilipewa karatasi iliyoandikwa "kula mlo kamili, kunywa maji mengi". Daktari aliuliza, "Unakula?" Nikasema, "Nakula." Mtu mzima akiulizwa hivyo huku foleni ya wenzake imejaa nje, atajibu nini kingine? Ukweli ni kwamba kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma. Nyama ilininukia kama imelala siku mbili. Midomo ya ndani ilikuwa na vidonda. Nilikuwa nasukuma chakula upande mmoja wa sahani ili kionekane kimepungua.

Mzunguko wa nne tulimkuta muuguzi mgeni katika chumba cha dripu. Sitamtaja jina wala hospitali, kwa kuwa sikumwomba ruhusa, na hospitali yenyewe nina malalamiko nayo. Kabla hajanitafuta mshipa alivuta kiti, akakaa, akasema, "Baba, niambie jana. Kuanzia ulipoamka mpaka ulipolala, ulikula nini na nini?"

Naomba wasomaji waone tofauti ya maswali hayo mawili. "Unakula?" linajibiwa kwa neno moja na limekwisha. "Jana ulikula nini?" linamlazimu mtu ahesabu. Nikahesabu: chai asubuhi, vipande viwili vya mkate, mchana nusu kikombe cha supu, usiku ndizi moja. Nilipofika kwenye wali wa jioni mke wangu akanikatiza, "Sista, huo wali alimpa mjukuu." Muuguzi akaandika yote, akaniambia kwamba mwili wa mtu aliye kwenye matibabu kama yangu unahitaji walau gramu moja ya protini kwa kila kilo ya uzito kila siku, na ikiwezekana ifike gramu moja na nusu. Niliyomtajia hayakufika hata gramu 20.

Kisha akanipandisha kwenye mizani. Ilisoma kilo 62. Akafungua faili langu, akarudi kurasa nyuma, na nikamwona uso unabadilika. Mzunguko wa kwanza niliandikwa kilo 68. Wa pili 68. Wa tatu 68. Nilikumbuka vizuri kwamba ile mara ya pili na ya tatu sikuwa nimepanda mizani yoyote. Mtu alikuwa ananakili namba iliyotangulia.

Jambo hili linaniuma mpaka leo, na nitaeleza kwa nini kwa lugha ya kazi yangu. Dawa nyingi za kemotherapi hazitolewi kwa kukisia. Daktari huchukua urefu na uzito wa mgonjwa, akapiga hesabu ya eneo la mwili kwa mita za mraba, na dawa hupimwa kwa hiyo. Ni kama kukata suti: huwezi kukata leo kwa vipimo vya mtu aliyekuwa mnene miezi miwili iliyopita. Mimi nilikuwa nimepungua karibu asilimia 9 ya uzito wangu ndani ya wiki tisa. Wataalamu wanasema mgonjwa wa saratani akipoteza zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita bila kukusudia, hiyo ni dalili ya kudhoofika kunakohitaji kushughulikiwa. Muuguzi hakuniwekea dripu mpaka daktari alipokuja, akapiga hesabu upya.

Lakini swali lile la chakula lilifichua kubwa zaidi. Matibabu yangu yalikuwa ya sehemu mbili: oksaliplatini kwa dripu ya saa mbili siku ya kwanza, halafu vidonge vya kepesitabini asubuhi na jioni kwa siku 14, kisha mapumziko ya siku saba. Vidonge hivyo humezwa ndani ya dakika 30 baada ya kula. Muuguzi akauliza, "Sasa siku ambazo huli, vidonge unavimezaje?" Nilikaa kimya. Mke wangu akanitazama, maana hata yeye hakujua. Nikakiri kwamba siku nyingine nilivimeza kwa chai tupu, na mara kadhaa niliviruka kabisa, kwa kuwa niliambiwa ni baada ya kula na mimi sikuwa nimekula. Nilikuwa nimewaficha watu wote kwa wiki kadhaa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Asante kwa kuniambia, baba. Tuanzie hapo." Machozi yalinitoka mbele ya watu, na sioni aibu kuliandika.

Aliyonifundisha siku ile, dawa ikiwa inashuka, hayakuwa elimu ya ajabu. Aliniambia nisingoje hamu ya kula, nile kwa saa kama ninavyomeza dawa: vijiko vitano au sita kila baada ya saa mbili na nusu. Asubuhi nilipokuwa na nguvu kidogo ndiyo niweke kile kilicho kizito. Maji na chai ninywe katikati ya milo, siyo pamoja na chakula, ili tumbo lisijae kabla ya wakati. Supu isiwe maji matupu, mke wangu apigie yai ndani yake au akoroge maziwa ya unga, atie na kijiko cha mafuta. Kijiko cha chuma kiwekwe kando, nitumie cha mbao. Kwa vidonda vya mdomoni nisukutue mara kadhaa kwa siku kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea (baking soda), na mswaki uwe laini. Aliniuliza pia habari za choo, swali ambalo watu wa rika langu hulikwepa, akaeleza kwamba dawa ya kuzuia kutapika niliyopewa inaweza kufunga choo, na vidonge vyangu vinaweza kukifungua kupita kiasi, na nikienda mara nne zaidi ya kawaida yangu kwa siku nisimeze kingine, nipige simu.

Alinieleza pia habari ya baridi, na hiyo nataka niikalie kidogo. Katika ile karatasi ya mlo kamili palikuwa na ushauri kwamba mwenye kichefuchefu ale vitu vya baridi, kwa kuwa havitoi harufu kali. Kwa wagonjwa wengi ni ushauri mzuri. Kwa anayepata oksaliplatini ni hatari ya kutisha, maana dawa ile huifanya mishipa ya fahamu ishituke kwa baridi. Baada ya dripu ya pili nilikunywa glasi ya maziwa yaliyotoka kwenye friji na koo likanibana, nikadhani sitavuta pumzi tena. Binti yangu alikuwa ameshashika simu kutafuta gari. Kumbe koo halikuwa limeziba, ni mishipa ile iliyoshituka, na ingetosha mtu kuniambia mapema kwamba kila kitu kiwe cha uvuguvugu kwa siku kadhaa baada ya dripu. Hata mkasi wangu wa chuma asubuhi ulikuwa unanichoma vidole kama nimeshika waya wa umeme, ikabidi mke wangu aufunge kitambaa kwenye vishikio. Karatasi moja ya ushauri haiwezi kujua mgonjwa yupi anapewa dawa ipi. Muuguzi anajua, kwa sababu ndiye anayeining'iniza.

Alinionya pia nisile chakula ninachokipenda sana siku ya dripu wala jioni yake, kwa kuwa mwili unaweza kukifungamanisha na kichefuchefu na kukikataa hata baadaye. Kwangu onyo lilichelewa. Siku ya mzunguko wa kwanza mke wangu alinikaangia mayai, chakula nilichokipenda tangu utoto, tukaenda hospitali, usiku nikatapika. Mpaka leo ninapoandika, harufu ya yai la kukaanga inanigeuza tumbo. Lililopigiwa ndani ya supu nalimudu, la kukaanga siwezi.

Siku ya nne baada ya dripu alinipigia simu. Dakika tano hazikufika. Aliuliza nimekula nini tangu asubuhi, vidonge nimemeza, vidonda vikoje, joto la mwili halijafika 38. Siku ya nne ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote kwangu, na alijua, kwa sababu alikuwa na desturi ya kuwauliza wagonjwa na kuandika. Mzunguko wa tano mizani ikasoma 62 na nusu. Wa sita, kilo 63 na nusu. Sikunenepa, lakini niliacha kushuka, na vidonge sikuruka tena hata kimoja.

Ndugu na majirani nao wana nafasi yao katika hadithi hii, na wanatupenda, sina lawama. Shemeji yangu alisikia kwamba sukari inalisha saratani, akaja nyumbani akaondoa sukari, matunda na hata wali. Muuguzi alimweleza kwa upole kwamba chembe zote za mwili hutumia sukari, siyo za saratani peke yake, na kwamba mtu asipopewa chakula mwili huvunja misuli yake wenyewe na kuitengenezea sukari. Nilikuwa nimeshaona hilo kwenye mapaja yangu. Jirani mwingine aliniletea chupa kubwa ya vitamini. Muuguzi akaomba aione, akasoma lebo neno kwa neno, akakuta ina asidi ya foliki nyingi, kitu ambacho kinaweza kuyazidisha makali ya kepesitabini mwilini. Akaniambia niiweke kando mpaka daktari aseme. Nani mwingine angesoma chupa ile? Daktari sikuwahi hata kumwambia kama ninayo.

Kuna watakaosema lishe ni kazi ya wataalamu wa lishe. Nakubali, na muuguzi wetu alikubali kabla yangu. Mwenzangu wa kiti cha jirani alikuwa na saratani ya umio, hata maji yalimshinda kushuka. Muuguzi hakujifanya anaweza. Siku ile ile alimwita mtaalamu wa lishe na daktari, wakazungumzia mpira wa kulishia. Lakini mtaalamu wa lishe alikuwa mmoja kwa wodi zote, hawezi kukaa na kila mtu anayekuja kwa dripu. Daktari tulikuwa naye dakika chache. Muuguzi tulikuwa naye saa mbili, tatu, nne, tumefungwa kwenye kiti na mrija mkononi, hatuna pa kwenda. Ana muda wa kusikia kwamba wali amepewa mjukuu. Ana mizani. Anajua dawa. Anamwona mgonjwa yule yule kila mzunguko. Nikiulizwa nani wa kwanza kugundua kwamba mgonjwa haendi vizuri mezani, sioni mwingine.

Wala hahitaji vifaa vya gharama. Alitumia maswali mawili ambayo hospitali za nchi nyingi zimeyatumia tangu miaka ya 1990 ilipokuwa inaishia: umepungua uzito bila kukusudia, na kama ndiyo, kilo ngapi? Unakula kidogo kwa sababu hamu imepungua? Kila jibu lina alama zake, na zikifika mbili au zaidi mgonjwa yuko hatarini na lazima kitu kifanyike. Mimi nilipata tatu. Kama ningeulizwa mzunguko wa pili, nadhani alama mbili nilikuwa nimeshafikisha.

Binti yangu, ambaye ndiye msomaji wa nyumba yetu, alinitafutia pia utafiti uliofanyika Ureno na kuchapishwa mwaka 2005, kwa wagonjwa 111 wa saratani ya utumbo mpana na puru waliokuwa wakipigwa mionzi. Kundi moja lilikalishwa na kushauriwa mtu mmoja mmoja juu ya chakula cha kawaida, kundi la pili lilipewa vinywaji vya protini, la tatu liliachwa lile kama lilivyozoea. Miezi mitatu baada ya matibabu, waliokuwa bado wanakula vya kutosha ni wale waliokalishwa na kushauriwa. Najua yale yalikuwa mionzi, siyo dripu, na washauri hawakuwa wauguzi. Hata hivyo nilipolisikia nilikumbuka kiti kile alichokivuta.

Sasa malalamiko yangu. Baada ya mzunguko wa sita yule muuguzi alihamishiwa wodi nyingine. Tulipofika mzunguko wa saba tukamwulizia, tukaambiwa hayupo. Fomu aliyokuwa akiandikia, ambayo aliichora mwenyewe kwa rula, ilikuwa imefungiwa kwenye droo. Hakuna aliyepewa kazi ile, kwa sababu haikuwahi kuwa kazi ya mtu. Ilikuwa wema wake. Simu za siku ya nne alizipiga kwa simu yake na kwa salio lake. Alipoondoka vilikoma vyote siku moja.

Katika mzunguko wa nane, wa mwisho wangu, kijana mmoja aliketi kiti cha jirani, anaanza wa pili. Nilimwona suruali yake amekaza mkanda mpaka kitambaa kimejikunja mbele, na jicho langu kwa mambo hayo halikosei. Nikamuuliza, "Mwanangu, jana ulikula nini?" Akasema chai. Nikamuuliza vidonge. Akainamisha kichwa. Nilimwita muuguzi wa zamu, naye alikuja na alimsikiliza vizuri, lakini alikuwa peke yake na wagonjwa 14, na hakuna mahali katika faili palipomtaka aandike alichoambiwa.

Ninachowaomba wanaosimamia hospitali zetu za saratani ni kwamba kazi ile iandikwe. Awepo muuguzi katika kila chumba cha dripu ambaye lishe ni sehemu ya majukumu yake, amefundishwa, ana muda uliotengwa kwenye zamu yake na simu ya hospitali ya kupigia. Mgonjwa apande mizani kila mzunguko, kwa miguu yake, na mizani isiposomwa dripu isifunguliwe. Maswali yale mawili yawe kwenye faili karibu na uzito. Muuguzi awe na ruhusa ya kumwita mtaalamu wa lishe moja kwa moja, bila kungoja barua. Na akihamishwa, awe amemkabidhi mwenzake, kama ninavyomkabidhi mwanafunzi wangu nguo ya mteja pamoja na vipimo vyake.

Siku ya mwisho nilipanda mizani mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeniita. Ilisoma kilo 64. Nilimwambia karani aiandike na aliiandika pembeni, kwa penseli. Ile fomu iliyochorwa kwa rula mke wangu alikuwa ameomba nakala yake mapema, iko nyumbani kwenye boksi la vitambaa. Hospitali yoyote itakayoitaka, nitaipeleka.

Fundi cherehani,
msomaji wenu wa siku nyingi